Namna ya Kumtazama Furukombe Akivua Samaki Ukiwa Mtumbwini katika Bwawa la Mtera

Abiria wengi wanaosafiri kwa basi kati ya Dodoma na Iringa hulifahamu Bwawa la Mtera kwa dakika chache tu. Basi husimama, wachuuzi huinua sinia za perege wa kukaanga hadi usawa wa madirisha, abiria hununua wawili watatu wa kupeleka nyumbani, na safari huendelea. Wakati huohuo, juu ya miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, hukaa mvuvi mwingine asiye na wavu wala ndoana, ambaye huvua samaki wa bwawa hilohilo kwa miguu yake. Mvuvi huyo ni furukombe, ambaye wengine humwita tai mla samaki. Nimekuwa nikienda kumtazama karibu kila kiangazi tangu nilipostaafu kufundisha baiolojia hapa Dodoma, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliye tayari kushuka basi, kulala Mtera usiku mmoja, na kuingia mtumbwini kabla jua halijachomoza ili amwone ndege huyu akiwa kazini.

Nianze na sharti ambalo maelekezo yote yanayofuata yanaliegemea: anayekwenda kumtazama furukombe akivua hana budi kumwachia furukombe mwenyewe aamue ni saa ngapi atavua. Kazi ya mtazamaji ni kuchagua mahali na wakati, kisha kutulia. Nitaeleza baadaye kwa nini nalishikilia sharti hili, maana wapo watakaokushawishi ulivunje.

Kumtambua hakuna ugumu. Furukombe aliyekomaa ana kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo na mabega ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, na mabawa meusi. Ngozi ya usoni na miguu yake ni ya manjano. Ndiye ndege anayeonekana kwenye bendera ya Zambia, na yumo pia katika nembo za taifa za Namibia na Sudan Kusini. Jike ni mkubwa kuliko dume: dume huwa na uzito wa kilo mbili hadi mbili na nusu, ilhali jike hufikia kilo tatu na nusu, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Kinachowachanganya wageni ni kinda aliyekwisha kuruka, kwa sababu yeye ni wa kahawia yenye mabaka na huchukua takriban miaka mitano kabla hajavaa weupe wa wazazi wake. Nimewasikia watu wazima wakibishana mtumbwini kwamba huyo ni mwewe. Atazamwe miguu na mahali alipokaa, kisha ubishi utakwisha.

Bwawa lenyewe, na kwa nini ndege hawa wamelipenda

Ukuta wa Mtera ulijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kwanza kwa ajili ya kuhifadhi maji ya kuendeshea mitambo ya umeme ya Kidatu iliyoko chini zaidi kwenye Mto Ruaha Mkuu. Kituo cha umeme cha Mtera penyewe, chenye uwezo wa megawati 80, kilianza kufanya kazi mwaka 1988. Maji huingia kutoka Ruaha Mkuu na Mto Kizigo. Bwawa likijaa hufikia eneo la kilomita za mraba zipatazo 660, na urefu wake hukaribia kilomita 56. Hata hivyo, namba yenye manufaa zaidi kwa mtazamaji wa ndege ni nyingine: uso wa maji huruhusiwa kupanda hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kushuka hadi mita 690. Tofauti hiyo ya mita nane na nusu, katika nchi iliyo tambarare kama hii, humaanisha kwamba ukingo wa maji husogea kwa masafa marefu baina ya mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, ukiacha nyuma madimbwi, vilindi vyembamba na miti iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji mafupi.

Hapo ndipo siri ilipo. Furukombe hawezi kupiga mbizi kama mnandi; humkamata samaki aliye karibu kabisa na uso wa maji, ndani ya kina kisichozidi urefu wa rula ya shule. Kwa hiyo huhitaji mahali ambapo samaki hulazimika kuja juu au kukaa kwenye maji mafupi, na huhitaji mti mrefu wa kukaa akiwa anaangalia. Pengine msomaji amewahi kuona kwenye televisheni dubu wa Alaska, kule Marekani, wakiwa wamesimama kwenye maporomoko ya Mto Brooks mwezi Julai, wakimngoja samaki aina ya salmoni aruke. Dubu yule husimama pale kwa sababu samaki anayerudi mtoni kuzaa hana njia nyingine ya kupita. Sheria ni hiyohiyo huku kwetu: ukitaka kumwona mnyama akivua, acha kumtafuta mnyama, tafuta mahali ambapo maji yamembana samaki.

Kwa Mtera, mahali hapo ni pa namna tatu. Pa kwanza ni mistari ya miti mikavu iliyo kandokando ya maji mafupi. Pa pili ni midomo ya vijito na mito inapoingia bwawani, ambako perege hujikusanya. Pa tatu, ambapo wengi hawapafikirii, ni jirani na mahali wavuvi wanapoinua nyavu zao alfajiri, kwa kuwa samaki waliojeruhiwa au walioponyoka huelea juu, na furukombe amekwisha kujifunza ratiba ya wavuvi kuliko afisa yeyote.

Msimu

Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Wakati wa mvua bwawa hujaa matope, samaki husambaa kwenye majani yaliyofunikwa na maji, na barabara za vijijini zinazofika ukingoni hazipitiki. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mwezi Juni maji bado yako juu, miti mingi imo majini, na hewa ya alfajiri ni baridi kiasi cha kuhitaji sweta. Kufikia Septemba na Oktoba maji yamerudi nyuma, samaki wamebanwa, na ndege huonekana kwa wingi, ila itakubidi kutembea juu ya tope lililopasuka kabla ya kuufikia mtumbwi, na upepo wa kusini-mashariki huamka mapema. Binafsi napendelea wiki mbili za mwisho za Julai. Kumbuka pia kwamba Mtera iko chini ya Dodoma mjini kwa zaidi ya mita mia nne, kwa hiyo joto la mchana ni kali kuliko unavyolitarajia.

Kufika, kulala, na kumpata mwenye mtumbwi

Mtera iko karibu na katikati ya barabara ya lami ya kilomita zipatazo 260 inayounganisha Dodoma na Iringa. Ukitoka Dodoma utapita Fufu na Chipogolo, mibuyu ikiwa imesimama mitupu pande zote mbili za barabara, kisha utaliona bwawa likimeremeta. Ondoka Dodoma kabla ya saa nane mchana ili ufike kungali na mwanga. Nyumba za wageni zilizopo ni za kawaida. Uliza kama kuna chandarua, na kama hakuna, tumia chako, kwa maana mbu wa bwawa hawana huruma. Usipige picha ukuta wa bwawa wala mitambo ya umeme. Ni miundombinu yenye ulinzi, na askari wana haki ya kukuuliza.

Jioni hiyohiyo nenda mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Usianze kwa kuuliza bei. Wasalimie wazee kwa shikamoo, na kama upo upande wa Dodoma, "mbukwenyi" ya Kigogo hufungua mazungumzo kwa haraka kuliko suti na kitambulisho. Eleza wazi kwamba hukuja kununua samaki wala kukagua nyavu, umekuja kutazama ndege. Maelezo haya ni muhimu, kwa sababu mgeni mwenye darubini hudhaniwa kuwa mtu wa doria, na mvuvi anayekuogopa hatakupeleka mahali pazuri. Pita ofisi ya kijiji ujitambulishe, kisha waombe viongozi wa mwalo wakuelekeze kwa mtu anayeyajua maji ya upande huo.

Mtu unayemtaka si kijana mwenye mashine kubwa kuliko zote. Unamtaka mvuvi mtu mzima anayepiga kasia kwa utulivu, anayejua viboko wamelala wapi mwezi huo, na anayekubali kukaa mahali pamoja kwa saa mbili bila kuona kwamba anapoteza muda. Kwa miaka mingi nimekwenda na mzee mmoja wa upande wa Migoli ambaye namwita Baba kwa sababu ya umri wake. Asubuhi ya kwanza nilimwuliza, "Baba, leo tutamwona?" Akanijibu, "Mwalimu, yeye ametuona tangu jana." Mtumbwi wake ni wa mbao, mpana, na hauingizi maji. Hivyo ndivyo vigezo vyako: ukague mtumbwi mchana, uone kama umezibwa vizuri, kama kuna kopo la kuchotea maji, makasia mawili na upondo mmoja. Jaketi okozi lazima liwepo kwa kila mtu, na likikosekana mwaloni, liazime au lilete kutoka Dodoma. Sitakubali hoja kwamba unajua kuogelea; katika maji yenye mamba kujua kuogelea hakukusaidii sana.

Mkubaliane malipo kwa asubuhi nzima, si kwa idadi ya ndege watakaoonekana. Malipo ya kuhesabu ndege humfanya mwenye mtumbwi akimbizane na ndege, na ndege anayekimbizwa hatavua.

Asubuhi yenyewe

Uwe majini saa kumi na mbili kamili, wakati kuna mwanga lakini jua bado. Vaa mikono mirefu ya rangi ya udongo au kijani iliyofifia. Kofia iwe na kamba. Beba maji ya kunywa, chakula kisicho na mifuko inayopiga kelele, na darubini. Darubini ya 8×42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, ndiyo inayofaa mtumbwini. Ile inayokuza mara kumi na mbili hutikisika pamoja na mawimbi mpaka macho yanauma.

Kwanza sikiliza. Furukombe huita alfajiri, akirudisha kichwa nyuma hadi karibu kugusa mgongo, na mara nyingi dume na jike huitikiana, sauti ya dume ikiwa nyembamba zaidi. Katika jina lake la kisayansi limo neno la Kilatini, vocifer, lenye maana ya mwenye kupaza sauti, na ukiisikia mara moja juu ya maji yaliyotulia hutaisahau. Sauti hiyo ni tangazo la miliki. Wawili hao wana eneo lao, wanalilinda, na wana miti yao ya kukaa ambayo huirudia mwaka hadi mwaka. Ukishajua mti mmoja wa jozi moja, umepata mahali pa kuanzia safari zote zijazo.

Sasa jambo la kujiweka, ambalo ndilo lenye ufundi mkubwa kuliko yote. Mwombe mwenye mtumbwi auweke mtumbwi upande wa mashariki au kusini-mashariki wa mti, umbali wa mita hamsini hadi sabini. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jua litakuwa mgongoni mwako, nalo litamwangaza ndege usoni badala ya kukupofusha. Ya pili ni upepo. Kiangazi, upepo wa kanda yetu hutoka kusini-mashariki, na ndege mzito hupenda kukaa akiukabili na kuruka akiingia ndani yake kwa sababu unamsaidia kunyanyuka. Hivyo akiondoka mtini ataelekea upande wako. Anayekaa magharibi ya mti hupata kivuli cheusi kinachoondoka na kumpa mgongo. Miaka yangu miwili ya kwanza niliipoteza upande huo wa magharibi kwa sababu ya uvivu wa kuzunguka.

Mtumbwi ufungwe kwenye kisiki au ushikiliwe kwa upondo uliochomekwa kwenye tope. Usitie nanga kwa kuitupa. Kisha kaeni chini, na msisimame kwa lolote lile. Mtu akisimama mtumbwini, umbo lake hubadilika ghafla, na ndege aliyekuwa amekuzoea kama kigogo hukugundua kuwa mtu.

Mtasubiri. Furukombe hutumia sehemu kubwa sana ya mchana akiwa amekaa tu, na uvuvi wake mwingi hufanyika asubuhi. Wakati wa kusubiri usimwondolee darubini kwa dakika nyingi, maana dalili zake ni fupi. Kwanza mwili ulionyooka huinama mbele. Kichwa huanza kupanda na kushuka, au kusogea kidogo huku na huku, kama mtu anayepima umbali. Na kweli anapima, kwa kuwa mwanga unapotoka majini hupinda na kumfanya samaki aonekane mahali ambapo hayupo hasa. Mara nyingi hujisaidia kabla tu ya kuruka. Ukiona kinyesi cheupe kikidondoka na macho yake yamekazwa mahali pamoja juu ya maji, acha kuzungumza hata kwa kunong'ona.

Kinachofuata huchukua sekunde chache. Hujiachia kutoka mtini na kuteremka kwa mteremko mrefu, mabawa yakiwa yamekunjuliwa, bila kupigapiga sana. Karibu na maji huitupa miguu mbele hadi chini ya kidevu, kucha zikiwa wazi, na huipitisha ndani ya maji akiwa bado anakwenda, hivi kwamba huacha mstari mfupi wa povu. Nyayo zake zina magamba yenye miiba midogo ambayo humzuia samaki mwenye utelezi asichomoke. Akimpata samaki wa kawaida, hupiga mabawa mara tatu au nne nzito na kuondoka naye. Akimpata kambale mkubwa kuliko nguvu zake, hutokea jambo ambalo nimeliona mara mbili tu maishani na ningetamani kila mtu alione: hulala juu ya maji na kuyatumia mabawa yake kama makasia, akipiga hadi ukingoni, kucha zikiwa hazijaachia. Mara ya pili Baba aliweka kasia lake magotini, akamwangalia hadi alipofika nchi kavu, na hakusema neno mpaka tuliporudi mwaloni.

Mara nyingi hukosa. Usisikitike, na usiondoke. Ndege aliyekosa hurudi mtini, hukung'uta manyoya, na akiwa na njaa hujaribu tena baada ya muda mfupi kuliko ulivyosubiri mara ya kwanza. Asubuhi nyingi nilizoziona kuwa bora zilianza kwa kukosa.

Kwa nini usimtupie samaki

Katika baadhi ya maziwa yanayotembelewa na watalii wengi, kwa mfano Naivasha nchini Kenya, waendesha boti hupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki aliyekufa ili mgeni apate picha. Mtera nako utakutana na atakayekuambia, "Mwalimu, kwa nini uteseke? Mrushie perege, atakuja." Atakuja kweli. Nilikubali mara moja, katika safari yangu ya pili, na picha niliyoipata bado ninayo. Siipendi kuitazama.

Sababu yangu ya kwanza ni ya ndege. Ndege aliyezoea kwamba mtumbwi ni chakula husogelea kila mtumbwi, ukiwamo wa mtu mwenye nyavu asiyetaka kuibiwa na mwenye jiwe mkononi. Samaki anayerushwa wakati mwingine huwa amejazwa kitu chepesi ndani ili aelee, na kitu hicho ndege hukimeza. Tena jozi yenye kinda kiotoni huvutwa mbali na kiota kwa saa ambazo zingekuwa za ulinzi. Sababu ya pili ni ya mtazamaji. Samaki akirushwa, yote niliyoyaeleza hapo juu hayapo: hakuna kupima, hakuna kuchagua, hakuna uwezekano wa kukosa. Unabaki na ndege anayeokota. Ulisafiri kilomita zaidi ya mia moja kumtazama mvuvi, na ukamgeuza ombaomba kwa samaki mmoja wa kununua. Mwambie mwenye mtumbwi mapema, kwa upole, kwamba malipo yake ni yaleyale hata msipomwona ndege hata mmoja, na neno hilo litamaliza kishawishi pande zote mbili.

Kwa sababu hiyohiyo epuka viota. Furukombe hutaga kiangazi, maji yanapopungua, kwenye lundo kubwa la vijiti juu ya mti mrefu. Mayai huwa moja hadi matatu, huatamiwa kwa takriban wiki sita, na makinda hukaa kiotoni kwa zaidi ya miezi miwili. Kama ndege anaita mfululizo huku akizunguka juu ya vichwa vyenu, mko karibu mno. Rudini nyuma mita mia moja zaidi, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.

Viboko, mamba na maji

Hapa naomba nisomwe kwa makini. Kiboko ndiye hatari yako ya kwanza. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kula majani, na alfajiri hurudi. Kwa hiyo saa yako ya kutoka mwaloni ndiyo saa yake ya kurejea nyumbani. Kanuni ni kutokaa kamwe kati yake na maji ya kina. Mtumbwi upite kwenye maji mafupi kandokando, ili kiboko aliyeshtuka awe na njia ya wazi ya kukimbilia kilindini bila kuwapitia. Mnapokaribia mahali anapojulikana, mwenye mtumbwi agonge ubavu wa mtumbwi kwa kasia, polepole na kwa mfululizo, ili viboko wainue vichwa na mhesabu wako wangapi na wapi. Kiboko anaweza kuzama kwa dakika tano hivi. Akizama akiwa amewaelekea, msingoje aibuke, ondokeni. Kupiga miayo akiwa amefungua mdomo wote ni onyo, wala si usingizi.

Siku moja mimi na kijana mmoja tuliyekuwa tumemkodi, kwa haraka ya kumfuata furukombe aliyekuwa na samaki, tulikata kona kupita mbele ya kijito bila kugonga. Kiboko aliinuka mita chache kutoka mbele ya mtumbwi. Hakutugusa. Tangu siku hiyo sijawahi tena kumfuata ndege mwenye samaki. Mahali anapokwenda kula patafikika kwa darubini.

Mamba naye ni mvuvi, na kwa kweli samaki ndio sehemu kubwa ya chakula chake. Utamwona kwenye maji mafupi akiwa ameukunja mwili kama mundu, akiwazingira samaki kati yake na ukingo, kisha akigeuza kichwa ghafla upande na kuuma. Ni jambo la kuvutia sana kutazama ukiwa mbali. Usiache mkono wala mguu majini, usinawe vyombo ukingoni, na usishuke mtumbwini mahali ambapo mwenye mtumbwi mwenyewe hashuki.

Hatari ya tatu haionekani. Maji ya ukingoni yenye majani na konokono yanaweza kuwa na kichocho. Vaa buti za mpira unapopanda na kushuka, na kama uliingia majini kwa miguu mitupu, nenda kapime baada ya miezi miwili hivi hata kama hujisikii vibaya. Tiba yake ipo na ni rahisi ikiwahiwa.

Kisha upepo. Kufikia saa nne asubuhi bwawa huanza kupata mawimbi mafupi yenye kukatana, ambayo mtumbwi wa mbao hauyapendi. Maji yakichafuka na ndege mwenyewe haoni vizuri ndani, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kurudi. Mwenye mtumbwi akisema turudi, mrudi.

Wavuvi wengine wa kuangalia wakati unasubiri

Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani juu ya maji kwa kupiga mabawa haraka, kisha hudondoka kichwa mbele. Mnandi huzama kabisa, hufuata samaki chini kwa chini, kisha hutua kwenye kisiki na kuyaanika mabawa yake. Mwari weupe, wakiwapo, huogelea kwa pamoja wakiwa wamejipanga nusu duara na kuwasukuma samaki kwenye maji mafupi, halafu wote huingiza midomo kwa wakati mmoja. Waangalie korongo hasa: korongo akipata samaki mkubwa, mgeukie furukombe, kwa sababu ni mnyang'anyi pia, na mara nyingi nimeona akiacha uvuvi wake ili akachukue wa jirani.

Picha na daftari

Kama una kamera, weka kasi ya kuanzia sehemu moja ya elfu moja na mia sita ya sekunde, na anza kupiga pale anapoinama, usingoje miguu iguse maji. Mwenye simu tu apige video ya mwendo wa polepole akiwa ameiegemeza kwenye ubao wa mtumbwi, kisha aiache simu iendelee yenyewe na atazame kwa macho yake.

Daftari ni la lazima zaidi ya kamera. Andika tarehe, saa, upande wa upepo, hali ya maji, mti aliokaa, mara alizojaribu na mara alizopata, na aina ya samaki kama mwenye mtumbwi ameitambua. Andika kama kuna kinda, na weupe wake umefikia wapi. Kabla ya kuondoka mwaloni msomee mwenye mtumbwi ulichoandika, kwa kuwa atasahihisha majina ya vijito na miti, na atakuambia ndege huyo alikaa wapi mwaka maji yalipokuwa chini zaidi. Namba yake ya simu iandike kwenye ukurasa huohuo, mpigie mwezi Mei mwaka unaofuata, na umwulize maji yamefika mti upi.